Namna ya Kusoma Msitu wa Misonobari ya Majani Marefu Kwenye Ardhi ya Mchanga

Aliyekulia karibu na mashamba ya misonobari ya Sao Hill, kule Mufindi, anaujua mti huu kwa sura moja tu: safu zilizonyooka, kiza, sakafu ya sindano kavu isiyoota kitu, na njia pana zilizofyekwa kuzuia moto, maana moto ukiingia ni hasara ya miaka mingi. Akienda na sura hiyo kusini-mashariki mwa Marekani, atapita katikati ya msitu bora kabisa akadhani ni pori lililotelekezwa. Msonobari wa asili wa huko, ule wa majani marefu (Pinus palustris), husimama mbalimbali. Jua linafika mpaka chini, nyasi zinagusa magoti, na kinachouua msitu ni kukaa muda mrefu bila kuungua.

Wazungu walipoingia, msitu huu ulienea takriban hekta milioni 37, kuanzia kusini-mashariki mwa Virginia hadi mashariki ya Texas, ukishuka mpaka katikati ya Florida. Uligemwa utomvu, ukakatwa mbao, ukafyekwa kupisha mashamba, ukapandwa misonobari ya aina nyingine inayokua haraka, na kilichosalia kikanyimwa moto. Mwishoni mwa karne ya 20 ilikuwa imebaki chini ya asilimia 5 ya eneo lile la zamani.

Mwongozo huu ni wa kutembea nao. Umeandikwa kwa ajili ya Mswahili anayeishi au kusoma Raleigh, Charlotte, Columbia, Atlanta au Jacksonville, mwenye siku moja ya mapumziko na hamu ya kujua anachokiona. Kanuni yake kuu ni kuanza chini. Miti mikubwa inaweza kusimama juu ya sakafu iliyokwisha kufa zamani, na ukiangalia juu tu hutajua. Sehemu kubwa ya utajiri wa msitu huu, yaani mamia ya spishi za nyasi, jamii ya kunde, vichaka na maua, iko chini ya kiuno chako.

Hatua ya 1: Chagua mahali, kisha uliza kuhusu moto

Kwa anayeanza, napendekeza vilima vya mchanga vya Carolina. Hifadhi ya Weymouth Woods, pale Southern Pines, North Carolina, ina njia fupi zilizowekwa alama na miti ya umri wote. Hifadhi ya wanyamapori ya Carolina Sandhills, karibu na mji wa McBee huko South Carolina, ni kubwa zaidi na ina barabara ya gari ndani yake. Walioko Florida wana misitu ya taifa ya Ocala na Apalachicola. Walioko Alabama wana Conecuh.

Kabla ya kuingia, muulize mhudumu: ni vipande gani vimechomwa mwaka huu, na vipi vilichomwa mwaka juzi? Swali hilo lina faida kuliko kitabu chochote cha kutambulisha mimea, kwa sababu litakuwezesha kuona vipande viwili vya msitu uleule vikiwa na tofauti ya moto tu. Wahudumu wengi hufurahi kuulizwa. Watu wengi huwauliza choo kiko wapi.

Nenda Aprili au Mei kuona ardhi iliyoungua karibuni ikichipua, au Septemba na Oktoba kuona maua. Julai saa sita mchana mchanga unachoma hata kupitia soli. Vaa suruali ndefu na uiingize ndani ya soksi, kwa sababu ya kupe. Kuanzia vuli mpaka majira ya baridi, kwenye maeneo yanayoruhusu uwindaji, vaa kizibao cha rangi ya chungwa kali. Angalia unapokanyaga: wapo nyoka wa njuga. Beba futikamba, kamba, vigingi vinne vidogo, kioo cha kukuzia, daftari na maji ya kutosha. Usichume kitu.

Hatua ya 2: Shika mchanga mkononi

Ndani ya hifadhi huruhusiwi kuchimba, basi tafuta mahali palipokwisha chimbuka: ukingo wa njia, shina lililong'oka kwa upepo, au kifusi mbele ya shimo la mnyama. Chukua konzi moja, iloweshe kidogo, uifinyange. Mchanga wa vilima hivi hausokoteki kuwa uzi wala tonge. Unavunjika mara moja. Juu kuna sentimita chache za kijivu, chini yake njano au nyeupe, na katika udongo unaoitwa Lakeland mchanga huo unashuka zaidi ya mita mbili bila kubadilika sana. Mwaga maji kidogo uone yanavyopotea.

Hapa ndipo fumbo la mahali hapa linapofumbuka. Mvua ya vilima vya Carolina ni kama milimita 1,200 kwa mwaka, haipishani sana na ya Dar es Salaam. Lakini wiki mbili za jua zinatosha kuifanya mimea iishi kama iko Dodoma, kwa sababu mvua inapita tu. Inapopita inasomba rutuba. Kinachobaki ni mchanga wenye tindikali, maskini wa naitrojeni na fosforasi, na kila mmea utakaouona leo una mbinu yake ya kuishi na umaskini huo: mzizi mrefu, jani jembamba, nta, manyoya, au shina lililojificha ardhini.

Ukiona udongo mwekundu au wa njano wa mfinyanzi umejitokeza karibu na juu, weka alama kwenye daftari. Mfinyanzi huzuia maji, na mimea itabadilika. Katika ardhi hii, kupanda au kushuka mita chache kunaweza kubadili uoto kuliko kusafiri kilomita mia.

Hatua ya 3: Tambua msonobari katika kila umri wake

Kwanza hakikisha ni wenyewe. Sindano zake hukaa tatutatu katika kifungu kimoja, zina urefu wa sentimita 20 hadi 45, na hukusanyika kwenye ncha za matawi. Kitumba cha kileleni ni kinene na cheupe kama fedha. Hicho ndicho kitambulisho bora. Koni zake zina sentimita 15 hadi 25. Anayechanganywa naye mara nyingi ni Pinus taeda, ambaye pia ana sindano tatu, lakini fupi, kitumba cha kahawia, na koni ndogo zenye miiba inayochoma kiganja. Ukiwa Florida unaweza kumkuta Pinus clausa, mwenye sindano mbili fupi: huyo ni wa mchanga pia, lakini maisha yake na moto ni mengine kabisa.

Sasa tafuta umri mmoja baada ya mwingine.

Mbegu huanguka Oktoba na Novemba na kuota ndani ya wiki chache, bila kusubiri majira ya kuchipua. Ni kubwa, panya na ndege wanaipenda, na ikiangukia juu ya takataka nene za majani mzizi wake haufiki ardhini. Inahitaji mchanga ulio wazi, yaani mahali palipoungua karibuni. Isitoshe, mavuno makubwa ya mbegu hayaji kila mwaka. Kwa kawaida hupita miaka mitano au zaidi kati ya moja na jingine. Kwa hiyo moto na mwaka wa mbegu vikipishana, kizazi kizima kinaweza kukosekana.

Umri unaofuata ndio wa ajabu. Mche haurefuki. Unakaa kama kishungi cha nyasi, shina halionekani, na unaweza kukaa hivyo miaka 2 hadi 20. Wageni huukanyaga bila kujua. Piga magoti, upanue ule ushungi kwa vidole taratibu: ukiona kitumba cheupe katikati, umempata. Chini ya hapo mzizi mkuu unashuka na kunenepa. Moto ukipita, sindano za nje huungua na kitumba kilichozungukwa na sindano mbichi hubaki salama; mwezi unaofuata ushungi mpya umetoka. Moto huo pia huondoa ugonjwa wa madoa ya kahawia, kuvu inayokausha sindano za miche iliyo karibu na ardhi. Nguruwe pori ndio hatari kubwa, maana hufukua ule mzizi mnene na kuutafuna.

Shingo ya mzizi ikifika unene wa kama sentimita 2.5, mti huamka. Unapanda moja kwa moja, bila matawi, unaweza kupita mita moja kwa mwaka, ukiwa na kilele cheupe juu. Hapa ndipo udhaifu wake ulipo: kitumba kimetoka kwenye ulinzi wa nyasi lakini hakijapita urefu wa ndimi za moto. Ukiona miche ya magotini au ya kifuani iliyokaukia kileleni baada ya moto, usishangae. Ikishavuka kimo cha mtu, gome likinenepa, mti unakuwa katika wachache duniani wanaoweza kuunguzwa kila mwaka wa pili kwa karne kadhaa.

Karne kadhaa si mzaha. Pale Weymouth Woods upo msonobari ambao pete za shina lake zinaonyesha ulianza maisha mwaka 1548. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, mti huo ulikuwa na miaka 45. Miti mizee kama huo utaijua kwa vilele vilivyobapa na matawi machache manene yaliyopinda.

Simama mahali pamoja ugeuke taratibu, uhesabu ni umri mingapi unaiona. Msitu wenye afya una viraka: vijana kwenye uwazi ulioachwa na mzee aliyeanguka au kupigwa na radi, wazee wamezagaa, na nyasi kila mahali. Ukiona wazee watupu, bila mche hata mmoja wa hali ya nyasi, andika kwa herufi kubwa. Kuna jambo.

Hatua ya 4: Kaa chini kwenye nyasi

Toa muda mrefu zaidi hapa. Nusu ya siku si nyingi.

Mwenye nyumba ni nyasi za waya. Ni mashungi ya majani membamba yaliyojikunja kwa urefu, makavu kuguswa, yanayoinama pande zote. Zipo spishi mbili zinazofanana sana: Aristida stricta upande wa kaskazini, yaani North Carolina na sehemu ya juu ya South Carolina, na Aristida beyrichiana kuanzia kusini mwa South Carolina hadi Florida na Mississippi. Katikati ya South Carolina kuna pengo ambamo hazipo, na nyasi nyingine hushika nafasi yao.

Nyasi hizi ndizo zinazobeba moto. Sindano ndefu za msonobari, zenye utomvu, huanguka na kuning'inia juu ya mashungi, zikikauka hewani badala ya kulala chini na kuoza. Mti unatoa kuni, nyasi zinatoa tanuri, na moto unatembea ardhini bila kupanda vileleni.

Zina siri mbili unazoweza kuzitumia. Ya kwanza: hutoa maua kwa wingi tu zikiungua kati ya Aprili na Julai. Zikichomwa Januari huchipua majani mazuri lakini maua ni machache. Hivyo ukizikuta Oktoba zimesimamisha mashuke ya dhahabu eneo zima, unajua moto ulipita majira gani bila kuuliza mtu. Ya pili: zikishang'olewa na plau, hazirudi zenyewe kwa miongo mingi. Ukitoka kwenye nyasi za waya ghafla ukaingia kwenye nyasi ndefu za Andropogon virginicus, na mpaka ni mstari ulionyooka, umevuka ukingo wa shamba la zamani. Aliyelima anaweza kuwa alikufa kabla babu yako hajazaliwa, na misonobari iliyo juu ikawa ileile pande zote mbili. Macho ya juu hayaoni mpaka huo.

Kati ya mashungi sasa tafuta jamii ya kunde. Moto hupeperusha naitrojeni angani, na mimea hii, kwa msaada wa bakteria kwenye vinundu vya mizizi, huirudisha ardhini. Mswahili atakutana na ndugu wa mimea ya kwao. Tephrosia virginiana, mwenye majani ya kijivu yenye manyoya laini na ua la njano hafifu na waridi, ni wa jenasi moja na utupa wetu wa kuvulia samaki. Na wenyeji wa asili wa Marekani waliutumia mzizi wake kwa kazi hiyohiyo, maana una sumu ileile ya rotenoni. Utaona pia Crotalaria rotundifolia, mdogo mwenye ua la njano na maganda yanayocheza kama kayamba yakikauka. Huyo ni wa ukoo wa marejea.

Mmoja wa kumkwepa ni Cnidoscolus stimulosus, mwenye maua meupe ya kupendeza na nywele zinazochoma vibaya. Ni wa kabila moja na muhogo, na kama muhogo, mwili wake mkubwa uko ardhini.

Hilo la mwili ulio ardhini ndilo nataka ulizingatie. Kuanzia South Carolina kushuka Florida kuna kimmea cha urefu wa kiganja au viwili, chenye majani magumu yanayong'aa, kinachotandaa mchangani: Geobalanus oblongifolius. Ukikiona utadhani ni miche mingi. Chini ya mchanga ni matawi ya mti mmoja uliolala, ukitoa ncha tu juu. Ni wa familia moja na mbura, na katika mchanga wa kusini mwa Afrika wapo ndugu wa mbura wanaoishi kwa mtindo huohuo wa mti uliozikwa. Mchanga, ukame na moto wa mara kwa mara vimeleta jibu moja pande mbili za Atlantiki. Moto unachukua ncha. Hazina iko chini.

Mahali pakavu kupita yote, mashungi huachana na mchanga mweupe unaonekana. Usipaite patupu. Tazama kwa kioo cha kukuzia: likeni za kijivu za Cladonia (kuvu na mwani vilivyoungana), zinazovunjika ukizikanyaga zikiwa kavu, na mimea midogo yenye mashina membamba kama uzi. Pita pembeni. Moto mkali na nyayo ni adui zao wote wawili, na huponea kwa sababu hapo hakuna majani ya kutosha kuungua.

Hatua ya 5: Usiichukie mialoni

Msomaji wa Biblia anaijua mialoni ya Mamre. Ya hapa ni mifupi, imepinda, na haivutii. Mkuu wao ni Quercus laevis: majani yenye ncha tatu hadi saba kama mguu wa ndege, mekundu sana vuli. Litazame jani linavyokaa. Limejigeuza likasimama wima, upande mwembamba ukielekea juu, ili jua la mchana na joto linalorudi kutoka mchangani lisilipige usoni. Quercus incana ana majani membamba ya kibuluu, na Quercus margaretta majani yenye mapinde laini.

Kwa muda mrefu wasimamizi waliipiga dawa mialoni hii wakiiona magugu. Nadhani walikosea kwa sehemu. Mbegu zake hulisha kindi wakubwa na ndege. Majani yake yaliyokauka hujikunja, hupitisha hewa, na huungua vizuri. Na kwenye mchanga mkavu wa Florida wataalamu wameonyesha kwamba miche ya msonobari hufaidika na kivuli chepesi cha mialoni. Tatizo ni ikizidi, ikashikana na kufunika nyasi, na hapo sababu huwa ni moto uliokosekana.

Wa kuwatilia shaka ni wengine: Liquidambar styraciflua mwenye jani la nyota, Acer rubrum, na Quercus nigra. Hao ni wa mabonde yenye unyevu. Ukiwakuta juu ya kilima cha mchanga, wamepanda huko wakati hapakuwa na moto, na majani yao bapa hulala chini, hushika unyevu, na kuzima hata moto unaowashwa.

Hatua ya 6: Tafuta alama za moto

Anza na masizi kwenye gome. Upande ambao masizi yamepanda juu zaidi ndio uliokuwa kisogoni mwa upepo, kwa hiyo shina lenyewe linakuambia moto ulitoka wapi. Pima kimo: masizi ya magotini ni moto wa upole, yaliyofika mita tatu au nne, na sindano za chini zimebadilika rangi, ni moto mkali.

Kisha nenda kwenye shina la msonobari mzee, uchomeke kidole kwenye takataka zilizozunguka mguu wake. Kidole kikigusa mchanga upesi, moto hupita mara kwa mara. Kikizama chote katika tabaka laini, jeusi, lililojaa vijizizi, msitu huu umekaa miongo bila moto, na hapo kuna mtego. Mti umepandisha mizizi midogo ndani ya hilo tabaka. Likiwaka likiwa kavu, linafuka polepole siku nzima au siku kadhaa, bila ndimi za kutisha, likipika mizizi na gome la chini. Mti utaonekana mzima, kisha utakufa mwaka huo au unaofuata. Ndiyo maana mafundi wanaorudisha moto mahali kama hapo huchoma tabaka likiwa na unyevu, wakiliondoa kidogokidogo kwa mioto kadhaa, na pengine huvuta takataka kwa reki kuizunguka miti mizee kwanza. Haraka ya kurekebisha miaka 50 kwa kiberiti kimoja imeua miti iliyokuwa imeponea shoka.

Moto wa asili ulitoka kwa radi, nyingi zaidi mwishoni mwa majira ya kuchipua na katika majira ya joto, na wenyeji wa asili waliongeza wao kwa uwindaji na kusafisha njia. Maeneo mengi yaliungua kila baada ya mwaka mmoja hadi minne. Mchanga mkavu zaidi ulichelewa, kwa kukosa majani ya kutosha. Anayejua uchomaji wa mapema wa miombo, ule wa mwanzo wa kiangazi ili moto usiwe mkali, ataona tofauti: hapa moto wenye faida kubwa kwa nyasi ni ule unaokuja mimea ikiwa katikati ya kukua.

Uchomaji ni kazi ya watu wenye mafunzo na kibali. Kituo cha Tall Timbers karibu na Tallahassee kimeufanyia utafiti tangu mwaka 1958. Na baadhi ya misitu bora iliyobaki ipo ndani ya kambi za jeshi kama Fort Bragg, North Carolina, na Eglin, Florida: wakati serikali ikipiga marufuku moto kila mahali, mizinga ya mazoezi iliendelea kuwasha nyasi.

Hatua ya 7: Fuata maji kushuka

Toka kileleni ushuke taratibu, ukitazama miguuni. Kwanza mialoni inapungua. Kisha nyasi zinashikana. Kisha, mara nyingi ndani ya hatua mia moja au mbili, mchanga unakuwa mweusi na soli zinaanza kulowa: ile mvua iliyopotea juu imegonga mfinyanzi na kutokea hapa.

Rutuba bado ni haba, hivyo mimea hujitafutia naitrojeni kwa kula wadudu. Tazama Sarracenia, wenye majani yaliyojikunja kuwa mirija inayokusanya maji, na Drosera, wenye matone ya ulimbo. Katika Carolina mbili tu, upande wa mashariki, yupo Dionaea muscipula, anayefumba jani juu ya mdudu. Kumng'oa bila ruhusa katika kaunti zake nyingi za North Carolina ni kosa kubwa la jinai tangu Desemba 2014, na watu wamefungwa.

Sehemu kama hizi, zenye unyevu na kuungua mara kwa mara, zina utajiri wa kupindukia. Katika nyanda za mashariki ya North Carolina zimehesabiwa zaidi ya spishi 40 ndani ya mita moja ya mraba. Chini zaidi utagonga ukuta wa vichaka vya kijani kibichi. Usiingie. Angalia tu mpaka wake: ukiwa mkali, moto unafika. Vichaka vikiwa vimepanda mteremko na kufunika mirija ya Sarracenia, moto ulisimamishwa juu kabla ya kufika.

Hatua ya 8: Makovu na mashimo

Kwenye misonobari mizee tafuta jeraha refu, bapa, lenye mikato ya pembe kwenye gome. Hapo ndipo utomvu uligemwa kwa ajili ya tapentaini na lami ya meli. Kazi hiyo ilifanywa kwa wingi na watumwa wenye asili ya Afrika, na baada ya utumwa na vizazi vyao, katika kambi ambazo madeni yaliwafunga. Mti wenye kovu hilo ni kumbukumbu yao.

Shimo dogo la mviringo juu ya shina hai, lililozungukwa na utomvu mweupe unaochuruzika, ni la kigogota Dryobates borealis. Huchagua misonobari mizee ambayo moyo wake umelainishwa na kuvu, na hutoboa vijishimo ili utomvu uzuie nyoka. Aliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1970, akapunguziwa daraja la hatari mwaka 2024. Kuanzia kusini mwa South Carolina utaona pia shimo ardhini lenye mlango wa nusu duara na kifusi cha mchanga mbele: la kobe Gopherus polyphemus, ambalo hutumiwa na mamia ya spishi za wanyama, hasa moto unapopita. Kagua kifusi chake. Mbegu huota pale kwa sababu ni mchanga mtupu.

Hatua ya 9: Weka alama, andika, urudi

Omba ruhusa ya kuweka vigingi. Pima mraba wenye upande wa mita moja mahali penye nyasi za waya, na mwingine mahali pasipo nazo. Katika kila mmoja andika: idadi ya spishi, hata usizozijua majina (zipe majina yako ya utani na uchore jani), asilimia ya mchanga ulio wazi, unene wa takataka, kama nyasi zina mashuke, na miche ya msonobari iliyo katika hali ya nyasi, ukiihesabu kwa kugusa vitumba, kwa sababu macho pekee huikosa. Kisha panua mraba ufike mita kumi kwa kumi, uhesabu misonobari kwa umri na mialoni kwa kimo.

Piga picha ukisimama kwenye kigingi kilekile, ukielekea upande uleule, na kwenye jina la picha weka tarehe ya moto wa mwisho kabla ya tarehe ya ziara. Mhudumu akikuambia kipande chako kimechomwa, rudi baada ya wiki mbili, kisha baada ya miezi miwili. Ziara hiyo ya wiki mbili watu wengi huiruka kwa sababu ardhi bado ni nyeusi. Usiiruke: hapo ndipo unaona kila chipukizi linatoka wapi hasa, kwenye mbegu, kwenye kishungi au kwenye shina lililozikwa, kabla nyasi hazijafunika tena.